Nzuri, Ila

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia. Mtu asiye wa kazi yetu angedhani mzee kala kitu kikamvundia tumboni, lakini mimi nimeinamia vinywa vya watu tangu ujana wangu, na jino lililokufa likaanza kutunga usaha halinipotei hata mwenye nalo akiwa bado mlangoni. Nilikuwa naosha mikono. Nikageuka nione ni nani anayeoza, nikamwona Profesa Ndewirwa Kitomari kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma yake binti yake Eliwaza akikisukuma.

Nitasema kweli: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa kwamba itaonekana usoni.

Alikuwa amekonda sana. Mkono wa kulia ulimtetemeka juu ya goti bila kupumzika, shavu la kushoto limevimba kidogo, na kila mara aliinua ule mkono mwingine akajipiga hapo kwenye uvimbe. Meno yake ya mbele yalikuwa meupe, ya kununua. Sisi wa huku Meru maji ya mlima yametupaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na mtu akicheka tu huko Dar es Salaam anaulizwa habari za Arusha. Profesa aliifuta asili yake ya mbele. Magego aliyaacha kama yalivyo, kwa kuwa huko nyuma hakuna anayeona.

Sikumwamkia. Mzee wa umri ule kumpita bila shikamoo ni tusi, nami nilikusudia liwe tusi. Hata hivyo, kidude kilichobanwa kwenye kola ya shati lake kilisikia mlango ukifungwa, kikajibu chenyewe kwa sauti yake ya zamani, sauti nzito ya kumbi za mikutano: "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Eliwaza akatabasamu kwa haya. Kile kidude kinaitwa Mnenaji, na aliyekibuni ni huyo huyo aliyekuwa amekivaa.

Eliwaza akanieleza. Baba hali vizuri siku hizi, tonge analihifadhi shavuni halimezi. Akipigwa mswaki anang'ata. Alfajiri anajipiga usoni mpaka wamshike mikono. Daktari wa ubongo amesema ni ugonjwa unasonga mbele, ndiyo tabia ya maradhi haya ya kutetemeka na kusahau, lakini yeye kama mtoto ameona bora amlete kwa daktari wa meno aondoe wasiwasi. Hakunitambua. Jina langu lilikuwa limeandikwa mlangoni, Daktari Aikande Urio, lakini wenye kushinda kesi hawakumbuki majina ya walioshindwa.

Nikainama mbele ya mzee nikamwuliza lile swali, neno kwa neno kama sheria inavyotaka.

"Mzee, habari za meno leo?"

Midomo yake ikacheza. Kabla haijatoa kitu, kola ikajibu: "Nzuri tu, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Taa ya mezani kwangu ikawaka kijani. Maana yake kauli ya mgonjwa imeshafika Baraza la Kauli kule Dodoma, na ikishafika hairudi. Tangu hapo, atakayetia kioo, kidole au mionzi ya picha kwenye kinywa kile amevunja sheria, awe mimi au daktari mwingine yeyote nchini.

Nikamwambia Eliwaza, kwa upole wote nilionao, kwamba mgonjwa amesema hana shida, hivyo sina ruhusa ya kumgusa. Nikampa mswaki laini. Nikawasindikiza mpaka nje, jambo nisilomfanyia kila mgonjwa.

*

Sheria ya Kauli haikuzaliwa na ubaya, lazima niseme hivyo. Kabla yake wazee waliopotewa na akili walifungwa shuka mikononi na miguuni, wakaachamishwa kwa nguvu. Wapo madaktari waliong'oa kinywa kizima kwa mkupuo mmoja, meno mazima na mabovu, ili walezi wasisumbuke kupiga mswaki. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Sheria ikatungwa kwamba hakuna kinywa kitakachofunguliwa bila kauli ya mwenyewe. Basi likabaki swali la wale ambao kauli imewatoka, na hapo ndipo Profesa Kitomari alipoibuka na Mnenaji wake.

Kidude cha kolani ni mdomo wake tu; Mnenaji hasa ni utepe mwembamba kama ganda la kitunguu, unaogundishwa nyuma ya gego la mwisho la chini. Unasoma neva ya uso. Ubongo wa mgonjwa unaweza kuwa umeharibika usijue tena kiungo kipi kinauma, lakini neva inayobeba maumivu ya jino inabaki nzima, inapiga kelele zake kama kawaida, ila hakuna wa kuzipokea. Mnenaji anazipokea. Mgonjwa akiwa bado na maneno yake, anamfunda: kila asubuhi anaulizwa habari za meno, anajibu kwa kinywa chake, na utepe unasoma neva wakati huo huo. Hivyo unajifunza kwamba kelele ya namna hii inakwenda na neno hili, ya namna ile na neno lile. Maneno yakimwishia mtu, utepe unamsemea kwa sauti yake. Wazo zuri. Hata mimi, ninayemchukia aliyelitunga, nasema ni zuri.

Kosa lake ni la kwetu sisi, tena mtu wa mbali asingeweza kulifanya, kwa sababu huko ukimwuliza mtu hali anakueleza hali. Mwulize Mmeru, Mpare, Msambaa, yeyote aliyelelewa akaleleka, habari za asubuhi. Nyumba imeungua: nzuri. Amefiwa: nzuri, tumepata msiba tu. Kwanza unatoa nzuri, hiyo ni heshima ya aliyeuliza. Kisha unavuta pumzi, unasema ila. Nzuri, ila hili jino la huku halijaniacha nilale. Habari yenyewe inakaa baada ya ila, na hata mtoto wa chekechea anajua asiondoke kabla haijafika.

Watu wa Profesa walikuwa na haraka. Wakamwekea Mnenaji masikio ya kusikia mpaka pumzi ya kwanza, yanayofuata wakayahesabu kuwa ni porojo. Maelfu ya watu wakakaa mbele yake magego yanawaka moto, wakasema nzuri, wakavuta pumzi, na mashine ikafunga daftari. Ikaelewa kwamba moto ule jina lake ni nzuri.

Mama yangu, Mwalimu Eliakunda, alisema nzuri masika yote. Alikataa uji, akaning'ata, akajipiga shavu, na kola ikamshukuru Mungu. Nilipoisikia ile harufu nililiomba Baraza kibali cha kumfungua kinywa. Wakamwita mbunifu aje aseme neno lake. Akaja na suti ya kijivu, akasimama, akasema: "Binadamu hudanganya kwa adabu. Mashine haina adabu." Watu wakampigia makofi. Mimi nikaonywa, na mama akahamishiwa nyumba ya wazee ya Baraza, kwa ulinzi, ili nisije nikamgusa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, lakini mama hakuficha kitu. Alifichwa. Usaha ulishuka shingoni, na cheti kikasema amekufa kwa usahaulifu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nikiomba jambo moja tu, nami simwombi Mungu mambo mengi: kwamba Kitomari aishi muda wa kutosha azeeke, augue, avae kola yake.

*

Walirudi wiki iliyofuata, na Eliwaza hakutabasamu. Baba anakunywa maziwa peke yake. Usiku anagugumia. Mnenaji akiulizwa anasema nzuri, naye amemwuliza mara nyingi mpaka ameona anakuwa mpumbavu. Daktari wa ubongo kamwambia tena ni hatua ya ugonjwa, wajiandae. Aliyasema yote amesimama, kisha akanitazama usoni.

"Daktari, mimi sijui meno. Wewe ukimtazama baba unaona nini?"

"Namwona mgonjwa aliyesema nzuri."

"Nakuuliza kama mtu, si kama daktari."

"Kama mtu nilishasema, dada, mbele ya Baraza. Baba yako ndiye aliyenijibu."

Hapo akanikumbuka. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa amembebea baba yake mkoba. Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Nikamweleza habari ya ila, polepole, kama mwalimu anayeipenda mada yake. Eliwaza si mjinga, na tangu baba yake augue ndiye anayeiongoza Taasisi ya Mnenaji. Niliona dakika alipoelewa, kwa sababu alijifunika mdomo kwa kiganja. Profesa alikuwa baina yetu, anajipiga shavu, wala hakuna aliyemshika.

Nikamwambia bei yangu. Siku atakapokubali kusimama mbele ya Baraza, hadharani, aseme Mnenaji wa baba yake anatoa uongo na tangu lini, siku hiyo nitavunja sheria na kumtibu mzee. Kabla ya hapo mimi ni raia mwema.

Alikataa. Nakiri kwamba sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Alisema Mnenaji akianguka na sheria itaanguka, na wale wa kufunga watu shuka bado wapo, wanasubiri. Wazee wengi mno wanalindwa na kola ile, hata kama inakosea. Taasisi itairekebisha, alisema, kimya kimya, taratibu, bila kuwatia watu hofu.

"Taratibu," nikasema. "Mama yangu naye alikufa taratibu."

Akainuka, akageuza kiti cha baba yake, wakaondoka. Alijua, na mimi nilijua, kwamba hakuna daktari mwingine kutoka hapa Usa River mpaka Dodoma atakayethubutu kukigusa kinywa kilichosema nzuri. Wanasema kisasi hakimshibishi mtu. Mimi mchana ule nilikula nikashiba kuliko kawaida yangu, nikaongeza na chai.

*

Safari ya tatu hawakupanga miadi. Nilikuta gari lao mbele ya kliniki asubuhi, hata funguo sijazitoa mkobani. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya pande zote mbili, umekaza. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu, na pumzi ilikwaruza. Huo ndio ugonjwa uliomuua mama, na ukifika chini ya ulimi haukawii kuziba njia ya hewa. Hospitali ya mkoa walimwuliza habari, kola ikajibu, wakamrudisha.

"Nitasema," Eliwaza aliniambia kabla sijamwuliza. Macho yalikuwa yamemvimba. "Hadharani, yote. Mtibu."

Nilimtazama nikaona hadanganyi. Nikafungua mlango.

Mgonjwa wa namna ile humlazi chali, kwa kuwa anayeshindwa kumeza atazama kwenye mate yake mwenyewe. Nikamkalisha wima. Nikasimama mbele yake ambapo ananiona, nikampa kioo akishike kwanza, nikauweka mkono wake juu ya mkono wangu ili ajue unakwenda wapi. Eliwaza nikampa mrija wa kunyonya mate. Nikamwekea mzee kipande cha mpira katikati ya meno asije akauma. Yote hayo niliyafanya vizuri, kama ninavyomfanyia mtu yeyote, nami nilijishangaa jinsi mikono yangu ilivyokuwa na adabu.

Sindano ya ganzi ilikuwa tayari kwenye sinia. Sikuichukua. Nilichukua kioo, nikageuza mpini wake wa chuma, nikaligonga gego la chini kushoto, kidogo tu. Ndivyo tunavyolitambua jino lenye usaha.

Mzee alirushwa kitini kama aliyeshika waya wa umeme. Machozi yakamtoka yakatiririka mpaka kwenye kola, na kola ikasema: "Nzuri tu, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Eliwaza akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Kusimuliwa ni kitu kimoja, lakini yeye sasa alikuwa ameona, na shahidi aliyeona ndiye niliyekuwa namtaka. Jino limeshajulikana. Hakukuwa na haja ya kitu kingine.

Nikaligonga tena, na safari hii kwa nguvu.

Aling'ang'ania mkono wangu kwa ule mkono wake unaotetemeka, kucha zikaingia kwenye glavu. "Nzuri," kola ikasema, "nzuri tu," na mimi nikaisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa tamu. Sitamdanganya mtu kwamba haikuwa tamu.

Kisha nikaiyeyusha gundi ya ule utepe kwa dawa, nikaubandua, nikautupa kwenye sinia. Kola ikanyamaza. Nikamtoa mpira mdomoni ili apumue kabla ya sindano, na hapo midomo yake ikaanza tena kucheza, kama ilivyocheza siku ile ya kwanza. Sote tulijua kwamba Profesa hana tena maneno. Daktari wake aliandika hivyo, binti yake aliamini hivyo. Hakuna aliyewahi kungoja, kwa sababu kola ilikuwa inamwahi kila mara.

Tulingoja. Ilichukua muda mrefu, taya linasaga, jasho linamtoka.

"Nzuri," alisema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kavu, ya mtu mdogo kuliko yule wa kumbini. Akavuta pumzi. "Ila."

Kidole kikapanda kinatetemeka, kikakosa pua, kikakosa sikio, kikatua sawasawa juu ya gego.

"Hapa," akasema.

Eliwaza alilia kwa sauti. Mimi nilimwona mama yangu kwenye ile nyumba ya Baraza, midomo yake inacheza hivyo hivyo, na walezi wanaitazama kola. Chuki haikupungua. Iliongezeka mpaka masikio yakanivuma, na nilitamani kumpiga yule mzee, na nilitamani kumkumbatia kwa kuwa amelisema lile neno. Nikachukua sindano nikampa ganzi, tena ya kutosha, nikasubiri ishike. Nikaling'oa gego. Nikapasua chini ya taya, usaha ukatoka mwingi, mweusi, na chumba kikanuka mpaka Eliwaza akageuza uso lakini mrija hakuuachia. Nikapitisha kipande cha mpira ili uendelee kutoka. Pumzi yake ikaacha kukwaruza, halafu ikawa pumzi ya mtu aliyechoka, basi.

Nilikuwa nashona Eliwaza aliposema. Hakunitazama, alikuwa anautazama ule mpini wa kioo kwenye sinia.

"Mara ya kwanza nilielewa, ulikuwa unapima. Mara ya pili ulikuwa unapima nini?"

Ningeweza kumjibu lolote. Hajui meno, alishaniambia mwenyewe, na daktari hakosi sababu.

"Sikuwa napima. Ile ilikuwa ya mama yangu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokwisha kulijua. Akamfuta baba yake mate kwa kitambaa, akamtengenezea kola ambayo haikuwa na kazi tena.

"Nitasimama mbele ya Baraza kama nilivyokuahidi," akasema. "Nitasema yote. Na hilo nitalisema."

Leseni yangu imekwenda, niliwaza, na hiyo si hasara kubwa. Hasara ni kwamba watu wa Baraza wakisikia hilo hawatasikia kingine. Watasema daktari mwenyewe ni mtesaji, ana kisasi, ushahidi wake umeoza. Mnenaji atabaki kwenye kola za watu anawashukuria Mungu, na wale wazee wote niliodai nawapigania watakuwa wamezikwa na kile kipigo changu kimoja. Sababu ya kumwomba alinyamazie ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kama zile alizonipa yeye wiki iliyopita, kimya kimya, taratibu, bila kuwatia watu hofu. Aseme mpaka hapo kwenye uongo wa mashine, avute pumzi, anyamaze.

Naye alikuwa anangoja. Nadhani angekubali kama ningemwomba, kwa ajili ya baba yake aliyekuwa anapumua.

"Sema yote, usikate kitu," nikamwambia.

Nikavuta uzi, nikafunga fundo, nikatafuta mahali pa kupitisha sindano tena, kwa kuwa jeraha lilikuwa bado halijaisha kushonwa.